Anayechoka yuko kaunta, anayeumia ni mgeni: msongo wa kazi katika maktaba za vyuo vikuu

Kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi, mabasi yanayopita njia panda ya Lusahunga kuelekea Kahama, na kuendelea hadi Dodoma na Dar es Salaam, hubeba abiria ambaye ni rahisi kumtambua. Ni kijana mwenye begi jipya na bahasha ya vyeti mkononi, na wazazi wake wamesimama pembeni hadi basi lipotee machoni. Nyumbani kumeuzwa kitu. Huenda ni ng'ombe, huenda ni magunia ya maharage yaliyokuwa yakisubiri bei ipande. Hata aliyepata mkopo wa Bodi ya Mikopo anajua kuwa nauli, godoro na wiki za mwanzo kabla ya fedha kuingia ni mzigo wa familia.

Wiki chache baadaye kijana huyo anasimama mbele ya kaunta ya maktaba. Mhadhiri amewapa orodha ya vitabu. Kijana hajawahi kuingia katika maktaba yenye zaidi ya rafu mbili, kwa hiyo anauliza. Anajibiwa: "Angalia kwenye kompyuta." Aangalie wapi, na aandike nini? Anauliza tena, na safari hii aliye kaunta hainui hata uso. Kijana anatoka. Wengi wa aina yake hawarudi tena kuuliza, na kaunta ile wataiona kwa mara ya mwisho siku ya kupeleka fomu isainiwe kuwa hawadaiwi kitabu.

Makala hii inamhusu yule asiyeinua uso. Tumezoea kumwita mwenye kiburi na kuishia hapo. Ukiangalia kazi yenyewe ilivyopangwa, utaona mara nyingi kuna jambo jingine, na kwamba anayelilipia zaidi ni mtoto aliyetoka mbali.

Kazi inayodhaniwa ni ya kukaa

Ukimwuliza mtu mtumishi wa maktaba anafanya nini, atakwambia anakaa na vitabu. Kuna hata wanaodhani anasoma siku nzima.

Kazi yake inaanza na vitabu vilivyoachwa mezani jana. Kila kimoja kina namba na mahali pake, na kikiwekwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichopotea, maana hakuna atakayekwenda kukitafuta huko. Karibu na mitihani wapo wanafunzi wanaovificha kwa makusudi: kitabu cha uchumi kinachomekwa katikati ya vitabu vya dini ili mwenyewe akikute kesho. Wapo wanaochana kurasa. Vile vitabu vichache vinavyogombewa huazimwa kwa saa, na kila saa inapoisha kuna mtu wa kumfuata. Kuna faini za kudai, kelele za kunyamazisha, mifuko ya kukagua mlangoni. Ni kazi yenye upolisi ndani yake, ingawa mtumishi hana mamlaka ya polisi.

Juu ya hayo imekuja kompyuta. Majarida mengi ya kitaaluma sasa yako mtandaoni, na vyuo vya Tanzania hushirikiana kuyalipia kupitia umoja wa maktaba uitwao COTUL. Mwanafunzi aliyeshindwa kuyafungua, au aliyesahau neno lake la siri, anakuja kaunta ile ile. Anayeandika tasnifu anakuja kukaguliwa kama hakunakili kazi ya mtu. Tasnifu ikikamilika, inaingizwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Mtumishi aliyeajiriwa enzi za droo za kadi amelazimika kujifunza yote haya akiwa kazini, na zile kazi za zamani hazikuondoka. Vitabu bado vinarudi rafuni kwa mikono.

Kuna jambo la ngazi pia, ambalo mtu wa nje halioni. Chuoni, mkutubi mwenye shahada ya uzamili huhesabiwa katika kundi la wanataaluma, anafanya utafiti na kupanda cheo kama wahadhiri. Aliye kaunta kwa kawaida si huyo. Ni msaidizi wa maktaba mwenye astashahada au stashahada, pengine aliyesoma katika chuo cha ukutubi na utunzaji kumbukumbu cha Bagamoyo. Yeye ndiye anayekutana na watu wengi zaidi, na ndiye mwenye sauti ndogo zaidi katika kuamua chochote.

Viti viliongezeka, maswali pia

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Kwa miaka mingi kuingia huko kulikuwa kwa wachache mno. Leo mambo ni tofauti kabisa: Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilipangwa tangu mwanzo kuweza kupokea wanafunzi 40,000. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulioanza 2004, zimefungua njia kwa watoto ambao wazazi wao hawakuiota.

Majengo yamejaribu kufuata. Tarehe 27 Novemba 2018 Rais John Magufuli alizindua maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni jengo la fahari, na lilimaliza adha ya wanafunzi kugombea viti. Lakini viti vikiongezeka, wanaouliza nao wanaongezeka, na kiti hakimjibu mtu. Hesabu hiyo inahusu chuo chochote kinachopanuka.

Kuongeza watumishi ni safari nyingine. Chuo cha umma hakiamki asubuhi kikaajiri. Kinahitaji kibali cha Utumishi na fedha ya mshahara katika bajeti, kisha usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Katikati ya 2016 Serikali ilisimamisha kwa muda ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti, na Aprili 2017 Rais alipokea Dodoma ripoti ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na sababu yake, na wananchi wengi waliushangilia. Ila maktaba haikufungwa kusubiri uhakiki uishe. Katika ofisi nyingi za umma waliokuwepo walibeba kazi za waliostaafu na waliohama, kwa vyeo vile vile na mishahara ile ile. Mwaka 2022 ndipo Rais Samia Suluhu Hassan aliporidhia kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kwa asilimia 23.3.

Kuchoka kwa aina gani?

Sote huchoka. Mkulima wa Nyakahura akirudi shambani jioni amechoka, akilala anaamka mzima. Uchovu tunaouzungumzia ni ule usioondoka kwa usingizi.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika kuhusu watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati ya bure. Walianza kazi kwa moyo, na baada ya miezi wakawa kama jengo lililoungua ndani: kuta zimesimama, hakuna kitu. Baadaye Christina Maslach wa Marekani akatengeneza namna ya kuipima hali hiyo. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka katika orodha yake ya kimataifa, likafafanua kuwa si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Alama zake ni tatu: mtu anaishiwa nguvu, anaikinai kazi na kujitenga na watu anaowahudumia, na anaona hafanyi tena kitu cha maana.

Itazame alama ya pili. Kukinai na kujitenga, kwa macho ya aliye upande wa pili wa kaunta, kunafanana sana na dharau.

Msongo huo unatoka wapi? Si wingi wa kazi peke yake. Mwaka 1979 Robert Karasek, naye wa Marekani, alionyesha kuwa kazi inayoumiza zaidi ni ile inayomdai mtu mengi na kumpa uamuzi mdogo. Kwa mfano wa huku kwetu, mfikirie mhudumu wa zahanati ya kijiji siku dawa zimekwisha. Hakuagiza yeye, na si yeye aliyechelewesha gari la dawa. Lakini ndiye anayewaambia akina mama arobaini, mmoja baada ya mwingine, kwamba dawa hakuna, na ndiye anayepokea macho yao. Msaidizi wa maktaba anaishi hivyo. Nakala za kitabu ni mbili na wanafunzi ni mia tatu, mtandao umekatika, kiwango cha faini kimewekwa na kanuni, malipo ya jarida fulani yamekwisha. Hakuna hata moja aliloliamua. Yote anayajibu yeye.

Tena anatakiwa ajibu kwa tabasamu. Wanaosoma kazi za huduma wanasema kuzuia hasira na kuonyesha uso mwema kwa saa nane ni kazi yenyewe, inakula nguvu kama kubeba mizigo, ila haiandikwi popote.

Kisha kuna neno tunalolipenda sana Tanzania: wito. Ualimu ni wito, uuguzi ni wito, na ukutubi pia huambiwa hivyo. Mwaka 2018 mkutubi wa Marekani, Fobazi Ettarh, aliandika kwamba kuitukuza kazi ya maktaba kama kitu kitakatifu kunawafanya wafanyakazi waone aibu kusema wameelemewa. Anayeomba msaidizi anaonekana hana moyo. Nadhani hoja hiyo inatuhusu kuliko tunavyopenda kukiri, na si maktaba tu. Muulize mwalimu wa shule ya msingi yeyote wilayani Ngara.

Kwa ukubwa wake duniani, WHO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikadiria Septemba 2022 kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Na hizo ni siku zinazopotea tu. Mtu aliyeketi kaunta akiwa amekinai hajakosa siku hata moja.

Anayelipa ni nani?

Hapa ndipo habari hii inapofika Lusahunga.

Huduma ikizorota, haiwagusi wote sawa. Mwanafunzi aliyesoma shule yenye maktaba nzuri anajua kusaka kitabu kwenye katalogi, anajua namba za rafu, na ana kompyuta yake. Akikutana na mtumishi aliyenuna anampita tu, hamhitaji. Aliyetoka shule ya kata ambako vitabu vilifungiwa kabatini kwa mwalimu wa taaluma anamhitaji mtumishi yule kwa kila hatua. Na anauliza mara moja tu. Akijibiwa vibaya hajisemei kuwa mhudumu amechoka, anajisemea kuwa pale si mahali pake.

Baada ya hapo anaishi kwa madesa. Kwa msikilizaji ambaye hajapita chuo, madesa ni vile vijitini na nukuu zinazozungushwa kutoka mwaka hadi mwaka na kutolewa fotokopi, pengine zimeandikwa na mtu aliyesikia mhadhara miaka minne iliyopita. Kwa madesa mtu anaweza kufaulu mtihani. Shida inakuja mwaka wa tatu, pale anapotakiwa kuandika utafiti wake mwenyewe kwa kutafuta, kusoma na kulinganisha. Hajawahi kufanya hivyo. Sasa anarudi maktaba kwa hofu, wiki zile zile ambazo wenzake mia kadhaa nao wamerudi kwa hofu, na msaidizi aliyemjibu vibaya mwaka wa kwanza anampokea akiwa amechoka zaidi. Msongo wa mmoja unamzalia mwenzake msongo, nao unarudi ulikotoka.

Hata asiyesafiri anaguswa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kina kituo Bukoba, na miongoni mwa wanafunzi wake ni walimu na watumishi wanaosoma wakiwa vituoni mwao vijijini. Kwa hao kaunta ni simu na barua pepe. Ujumbe usiojibiwa kwa wiki mbili ndio uso usioinuliwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, tangu 1991 ni Maktaba ya Taifa ya Kilimo pia, kwa hiyo maarifa yaliyomo kuhusu mnyauko wa migomba au batobato ya mihogo yanamhusu hata mkulima. Yatamfikia kama kuna mtu mwenye nguvu ya kuyapeleka.

Ni msongo au ni kiburi tu?

Msikilizaji anaweza kusema tunawatetea watu wenye midomo mibaya. Ni haki kuuliza. Wapo wahudumu wakorofi ambao hata wangepewa mteja mmoja kwa siku wangemkaripia, na kwao dawa ni nidhamu ya kazi.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Angalia saa na tarehe. Kama mtumishi yule yule ni mwema Jumatatu asubuhi mwanzoni mwa muhula, na ni mkali saa mbili usiku wiki moja kabla ya mitihani, hiyo si tabia. Tabia haifuati ratiba ya mitihani. Na kama kaunta nzima ni kali, na kila anayehamishiwa pale anakuwa mkali baada ya mwaka, basi chunguza kaunta kabla ya kuchunguza watu.

Vyuo vingi, kama ofisi nyingine, hujibu malalamiko kwa semina ya huduma kwa mteja. Watu wanakaa siku mbili, wanafundishwa kutabasamu, wanarudi kwenye foleni ile ile. Semina si mbaya. Lakini kumfundisha aliyeelemewa kutabasamu ni kumwongezea kazi nyingine.

Kinachopunguza mzigo

Mambo yanayosaidia kwa kawaida si ya gharama kubwa. La kwanza ni zamu fupi. Saa mbili kaunta, kisha saa mbili nyuma kwenye kazi ya kimya kama kupanga vitabu au kuingiza taarifa kwenye kompyuta, ni tofauti kabisa na saa nane mfululizo mbele ya watu. La pili ni kuwapa walio kaunta uamuzi mdogo mdogo: kusamehe faini ya siku moja kwa aliyekuwa mgonjwa, kuongeza saa moja ya kuazima pale ambapo hakuna anayesubiri. Jambo dogo, lakini linamtoa mtu kwenye kusema "sijui, ndivyo ilivyopangwa" mara mia kwa siku.

La tatu ndilo ningeliweka mbele kama ningekuwa na sauti: kuwafundisha wanafunzi wapya kutumia maktaba, kwa vikundi vidogo, wiki za kwanza, kwa mikono yao na si kwa hotuba ukumbini. Watu mia saba wakioneshwa kwa mbali skrini ya katalogi hakuna anayejifunza. Kumi na tano wakipewa kila mmoja kitabu cha kutafuta mpaka akishike, maswali ya mwaka mzima yanapungua. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kusaidia kazi hiyo kwa posho ndogo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Vyama kama THTU na RAAWU viko vyuoni, na mara nyingi husikika vikidai mishahara na malimbikizo. Zamu za kaunta hazisikiki sana kwenye orodha ya madai.

Na chuo kinachokuja Kagera?

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa Serikali wa kukuza elimu ya juu, unaojulikana kama HEET. Miongoni mwa mipango yake ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Wilaya ya Bukoba. Kwa familia za Biharamulo na Ngara hii ni habari kubwa: badala ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000, mtoto atapita Muleba na kufika siku hiyo hiyo.

Habari za mradi wa aina hii huhesabu madarasa, mabweni, maabara na maktaba. Mara chache husikii idadi ya watu watakaokaa kaunta ya maktaba hiyo, kwa zamu ngapi, na nani atawafundisha wanafunzi wapya. Hilo ni swali ambalo mbunge au diwani anaweza kuulizwa kwenye mkutano wa hadhara, na jibu lake ni tarakimu.

Wakati huo, aliyemaliza kidato cha sita na ana shughuli Bukoba anaweza kupita kwenye maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, akajifunza namba za rafu kabla hajafika chuoni. Na aliyeko chuoni akipiga simu nyumbani kusema maktaba wamemjibu vibaya, mwulize ilikuwa siku gani, saa ngapi, foleni ilikuwa na watu wangapi, na kaunta ilikuwa na wahudumu wangapi. Taasisi za umma zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja na utaratibu wa kupokea malalamiko. Lalamiko lenye siku, saa na idadi ya watu linaweza kubadilisha ratiba ya zamu. Lile linalosema tu kwamba mtu fulani ana kiburi linaishia kwenye faili lake.